Kipa Yule Ana Mama: Somo Kuhusu Kuangalia Mechi za Vyuo kwa Simu



Vijana wapendwa, somo la wiki hii limetokana na swali. Mwanachama mmoja wa TMCS alinishika mkono baada ya Misa ya jioni akaniuliza: "Frateri, hivi kuangalia mechi za chuo laivu kwenye simu kuna ubaya gani?" Wenzake wakacheka, maana walijua swali limetoka wapi. Nikamwomba anipe wiki moja. Swali lenyewe fupi, lakini kila nilipolivuta lilikuja na kamba ndefu, na mwisho wa kamba nilimkuta mama mmoja wa Sengerema ambaye nitawasimulia habari zake.

Kabla hujaendelea, fungua Biblia yako usome Luka 10:25-37, kisha Yakobo 3:1-12. Hadithi ya Msamaria mnaijua tangu mkiwa Utoto Mtakatifu. Isome tena polepole, na safari hii mwangalie kuhani na Mlawi. Injili haisemi kwamba hawakumwona yule majeruhi. Walimwona vizuri tu. Wote watatu waliopita njia ile waliona kitu kilekile, na ni mmoja tu ambaye kuona kwake kulimfanya asimame. Shika hilo, tutalihitaji.

Kwanza, mchezo wenyewe

Kuna watu wazima, tena wema kabisa, wanaotuambia kwamba mpira ni kupoteza muda na kwamba kijana Mkatoliki angekuwa anasali rozari saa hizo. Mtakatifu Thomas wa Akwino hakubaliani nao. Katika Summa Theologiae, sehemu ya pili ya pili, swali la 168, anauliza kama kunaweza kuwa na fadhila katika michezo, na jibu lake ni ndiyo. Roho huchoka kama mwili unavyochoka, na kama mwili unavyopumzishwa kwa kulala, roho nayo hupumzishwa kwa kufurahi. Anasimulia habari aliyoikuta kwa Yohane Kasiano: watu walishangaa kumkuta Mtume Yohane akicheza na wanafunzi wake. Yohane akamwambia mmoja wao, aliyekuwa na upinde, apige mshale, apige tena, na tena. Kisha akamuuliza kama angeweza kuendelea hivyo bila kupumzika. Yule mtu akakiri kwamba upinde ungevunjika.

Kwa hiyo kijana anayemaliza wiki ya majaribio akaangalia mechi ya chuo chake, anafanya jambo jema, halihitaji kuombewa msamaha. Na Kanisa halijaacha kufundisha hivyo: tarehe 1 Juni 2018 Baraza la Kipapa la Walei, Familia na Maisha lilitoa hati nzima kuhusu michezo na maisha ya Mkristo. (Najua wengi mnasubiri nimtaje Mtakatifu Carlo Acutis. Ametajwa sana kwenye masomo yetu mwaka huu, leo tumwache apumzike.)

Kelele kabla ya goli

Mwanza ni mji wa vyuo. Kuna SAUT kule Malimbe, kuna Chuo Kikuu Katoliki cha Afya na Sayansi Shirikishi pale Bugando, kuna Chuo cha Ualimu Butimba, kuna wenzetu wa uvuvi pale Nyegezi, na vingine vingi. Wakikutana kwenye bonanza, au timu ikienda SHIMIVUTA au kwenye mashindano ya TUSA, hakuna kamera kubwa za televisheni zinazowafuata. Anayeturushia mechi mara nyingi ni mwanafunzi mwenzenu, amefunga simu kwenye kijiti kando ya uwanja, mwenzake anatangaza, na bando limenunuliwa kwa mchango. Mimi nawaheshimu sana vijana hawa. Jua la saa tisa alasiri la Mwanza mnalijua.

Ukikaa hosteli iliyo karibu na uwanja utagundua kitu cha ajabu. Unasikia kelele za goli kupitia dirishani, unaangalia simu, na kwenye simu mpira bado uko katikati. Unasubiri. Baada ya sekunde ishirini, pengine nusu dakika, ndipo unaliona goli ambalo masikio yako yalishalipokea. Sababu yake ni hii: simu ya pale uwanjani hupeleka picha kwenye kompyuta za kampuni, ambazo mara nyingi ziko mbali sana na Ziwa letu, huko inatengenezwa upya kwa viwango mbalimbali vya ubora na kukatwa vipande vidogovidogo vya sekunde chache, kisha vinarudishwa, na simu yako inaweka akiba kidogo kabla ya kukuonyesha ili picha isigande kila saa. Yaani goli limetoka Mwanza, likasafiri, likarudi Mwanza, limfikie mtu aliye mita mia tatu kutoka golini.

Nimekaa sana na jambo hili. Darasani tulikuwa tunabishana siku nzima kuhusu kuwepo mahali fulani maana yake nini, na kumbe hosteli ingetufundisha kwa dakika moja. Tunaita "laivu", lakini anayeangalia simu anaona kilichokwisha kupita, tena kwa jicho moja alilochaguliwa na mwingine. Kamera inafuata mpira. Goli likishafungwa inawafuata wanaoshangilia. Haibaki na kipa.

Lakini nisiwe mwepesi wa kusema skrini inatutenganisha tu. Kanisa lina mtakatifu msimamizi wa televisheni, naye hakuwahi kuiona televisheni: Klara wa Asizi. Usiku wa Noeli, karibu na mwisho wa maisha yake, alikuwa amelala mgonjwa pale San Damiano, hawezi kwenda kanisani na dada zake. Mapokeo yanasimulia kwamba Bwana alimjalia kuiona na kuisikia ibada iliyokuwa ikiadhimishwa katika kanisa la Mtakatifu Fransisko. Mwaka 1958 Papa Pius XII alimtangaza kuwa msimamizi wa televisheni. Klara aliona kwa mbali kwa sababu alikuwa amezuiliwa na ugonjwa, na kwa sababu moyo wake ulikuwa umeshatangulia kule.

Watu wa namna hiyo wapo kwenye mechi zetu. Nimemtembelea wodini mwanafunzi aliyevunjika mguu, akawa anaangalia timu yake mwenyewe ikicheza bila yeye, na kila mwenzake alipogusa mpira alilitaja jina lake kwa sauti ndogo. Namfahamu pia mwalimu aliyehitimu zamani kidogo, sasa anafundisha Ukerewe, ambaye siku ya mechi hupanda juu ya jiwe nyuma ya nyumba yake kutafuta mtandao. Mtu kama huyo umwambie simu ni kishawishi? Kwake ni mtumbwi unaomvusha hadi kwa ndugu zake.

Na mwingine wa namna hiyo alikuwa yule mama wa Sengerema.

Mama wa Sengerema

Ilikuwa nusu fainali ya bonanza kati ya vyuo viwili vya hapa Mwanza. Sitavitaja. Mvua ilikuwa imenyesha, uwanja unateleza, matokeo moja kwa moja. Zikiwa zimebaki dakika chache, shuti lisilo na nguvu yoyote likaelekea golini. Kipa akainama kuudaka mpira, ukamponyoka, ukapita katikati ya miguu, ukaingia. Mimi niliiangalia mechi hiyo kwa simu ya parokia, kwa hiyo niliona pia kilichofuata chini ya picha.

Maoni yalianza na vicheko, na vicheko vya namna hiyo ni sehemu ya mpira, sina neno. Halafu mmoja akaandika kwamba amenunuliwa. Mwingine akataja kabila lake. Mwingine akasema arudi kwao akaanike dagaa. Ndani ya dakika mbili wakawa wameshafika kwa mama yake, na mnajua vijana wa Kitanzania tukifika kwa mama wa mtu tunasema nini. Nilikuwa nayasoma majina. Watatu ni wanakwaya. Mmoja alisoma somo la kwanza Jumapili iliyofuata, na alisoma vizuri sana.

Mama anayetukanwa alikuwa Sengerema, anaangalia. Hana simu kubwa. Binti yake mdogo ndiye aliyemshikia ya kwake, wamekaa mlangoni, majirani wawili wamekuja kumwona kijana wao. Mama hasomi haraka, kwa hiyo binti alikuwa anamsomea majina ya wanaopeleka salamu. Kipa mwenyewe ndiye aliyenisimulia, na amenipa ruhusa niandike bila jina lake. Yule binti alipoona maneno yanayopita akanyamaza. Mama akauliza, "Wanasemaje?" Binti akaigeuza simu kifudifudi juu ya kanga yake, akasema bando limekata.

Bando lilikuwepo.

Kipa yule yumo katika jumuiya moja na baadhi yenu. Mmekunywa naye chai. Kuna aliyemwazima noti za somo akapita mtihani, vinginevyo sasa hivi angekuwa na sapu. Mpaka naandika hapa hajarudi golini. Kocha amemwita mara mbili, anasema goti linamsumbua.

Sasa rudini kwenye swali la kuangalia. Mtu anayewatukana wachezaji wa Ulaya anakosea vilevile, kwa kuwa na wao ni watu. Ila mpira wa chuo unatunyima hata kisingizio cha umbali. Hapa anayecheza ni jirani kwa maana ya kawaida kabisa ya neno, wa mlango wa tatu, na simu ikamgeuza kuwa mtu asiye na kwao. Ukiwa uwanjani ukamzomea kipa, yeye anageuka. Macho yenu yanakutana. Na pembeni yako atakuwepo mtu wa kusema, "Acha bwana, huyo mdogo wake fulani." Chini ya chandarua hakuna anayegeuka. Unaona bila kuonekana, na hicho ni cheo cha Mungu. Lakini Mungu anapotuona sisi bila sisi kumwona, anatuhurumia.

Alipio, mwanafunzi wa sheria

Wanaosoma pale Malimbe wanapita kila siku chini ya jina la Mtakatifu Augustino, basi tumwulize yeye. Katika kitabu cha sita cha Maungamo anasimulia habari za rafiki yake Alipio. Kijana huyu alitoka Tagaste, mji wa Augustino mwenyewe, akawa mwanafunzi wake Karthago, na alikuwa amenogewa na michezo ya kule. Akaiacha. Baadaye akaenda Roma kusoma sheria. Siku moja akakutana na wanafunzi wenzake wakitoka kula, wakamshika kwa nguvu wakimtania, wakampeleka kwenye uwanja ambako watu walikuwa wanapigana hadi kufa mbele ya watazamaji. Alipio akawaambia kwamba wataweza kuuburuta mwili wake lakini roho na macho yake hawatayapata. Akakaa pale, amefumba macho.

Halafu mmoja akaanguka na uwanja mzima ukapiga kelele. Augustino anasikitika kwamba laiti Alipio angeziba na masikio! Udadisi ukamshinda, akafumbua macho, na tangu hapo hakuweza kuyaondoa. Akapiga kelele na wengine, akawaka na wengine, na baadaye akawa anarudi yeye mwenyewe huku akiwavuta wenzake.

Mahali ninapopenda katika habari hii ni pale Augustino anapoona kwamba Alipio hakuwa tena yule aliyeingia. Alikuwa amekuwa mmoja wa kundi alilolikuta. Alipio hakuwa mtu mbaya. Hata wale wanakwaya watatu si watu wabaya, nawajua. Waliingia kuangalia mpira. Kelele za kundi zikawapata, na kundi la mtandaoni kelele zake ni maandishi yanayopanda haraka na mioyo myekundu inayoelea pembeni ya picha. Unaandika kitu ambacho usingekisema mbele ya mtu yeyote unayemjua, kwa sababu wakati ule hakuna unayemjua. Hata wewe mwenyewe hujijui.

Alipio alikuja kuwa askofu wa Tagaste, lakini Augustino hafichi kwamba ilichukua muda mrefu.

Pesa zikiingia

Wenzetu wa Marekani wako mbele katika biashara hii, kwa hiyo tunaweza kuona njia inaelekea wapi. Mpira wao wa vyuo (ule wa kushika mikononi na kofia ngumu) unajaza viwanja vikubwa kuliko chochote tulichonacho. Chuo Kikuu cha Notre Dame, kilichoanzishwa mwaka 1842 na Padre Edward Sorin wa Shirika la Msalaba Mtakatifu, shirika lilelile linalofanya utume pale Jinja upande wa pili wa Ziwa letu, kimekuwa kikionyesha mechi zake za nyumbani kwenye kituo cha NBC tangu mwaka 1991. Septemba 2021 mechi yao na Toledo ilionyeshwa kwa mtandao tu, kupitia Peacock. Ukitaka kuwaangalia kutoka Mwanza inawezekana, ila ujue mechi yao ya Jumamosi jioni kwetu inaanza kama saa nane na nusu usiku, na inamalizika ukisikia kengele ya Misa ya kwanza. Hapo upinde wa Mtume Yohane unapinda upande mwingine.

Sasa sikilizeni. Machi 2024 rais wa NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo kule, Charlie Baker, aliyaomba majimbo yapige marufuku kubeti juu ya anachofanya mchezaji mmojammoja wa chuo. Moja ya sababu ilikuwa usumbufu ambao wanafunzi wanaupata kutoka kwa watu waliopoteza pesa zao. Mwanafunzi mwenye mtihani Jumatatu anaamka anakuta simu imejaa laana, kwa sababu hakufikisha idadi fulani ambayo yeye hata hakuijua.

Kwetu mechi za bonanza hazipo kwenye mkeka wa kampuni, lakini hosteli mnawekeana dau, na boom likitoka dau linapanda. Katekisimu, namba 2413, haisemi kwamba kila mchezo wa bahati ni dhambi. Inasema unakuwa haufai pale unapomnyima mtu kile anachohitaji kwa maisha yake na ya wengine, na inaonya kwamba tamaa yake hugeuka utumwa. Mimi naongeza tu nilichokiona: wawili kati ya waliotukana siku ile walikuwa na pesa ndani. Kipa aliyekula pesa yako si jirani tena machoni pako, amekuwa mdeni.

Mambo mengine nitayapita haraka. Bando: saa moja ya picha ya ubora wa chini inakula kama MB 300, na ya HD inafika GB 1 na zaidi, kwa hiyo anayelalamika hana pesa ya kuchapisha kazi ya darasani ajipigie hesabu. Kuunganisha mechi za ligi kwa njia za wizi: amri ya saba haina kipengele cha mtandao. Jumapili: mechi ikigongana na Misa mnajua jibu, na pia msiwapangie vijana wanaorusha matangazo ratiba ambayo itawanyima wao Misa ili ninyi mfurahi.

Ninalotaka kulikalia ni malipizi. Wengine wameniambia, "Frateri, tulishaungama." Vizuri. Lakini Katekisimu, namba 2487, inafundisha kwamba kosa dhidi ya haki na ukweli linadai kufidiwa hata kama limesamehewa, na aliyeharibiwa heshima anapaswa kurudishiwa. Tusi lilikuwa la hadharani, kwa hiyo kulifuta kimyakimya hakutoshi. Ingia palepale ulipoandika, kwenye video ileile, uandike kwa jina lako kwamba ulikosea. Kisha nenda kwa kipa, mguu kwa mguu. Na mmoja wenu, nimependekeza awe yule msomaji wa somo la kwanza, apande gari hadi Sengerema. Siku hizi kuna daraja, hakuna tena foleni ya kivuko.

Kwa wanaorusha mechi: YouTube na Facebook zinamruhusu mwenye ukurasa kuzuia maneno fulani yasitokee, kufuta maoni, na kumpa mtu mwingine kazi ya kuyasimamia. TMCS wajitolee watu wawili kwa kila mechi. Orodha ya maneno ya kuzuia, ya Kiswahili na ya Kisukuma, mtaiandika wenyewe. Mimi sitaki Gombera aniulize nilijifunzia wapi.

Kwa majadiliano ya Jumatano, kila mmoja aje na jibu la maswali haya mawili. Alipio alikosea wapi hasa: alipokubali kukaa, alipojiamini, au alipofumbua macho? Na katika Luka 10, kuhani alipopita upande wa pili wa barabara, unafikiri alikuwa anaangalia wapi?

Wiki ijayo tunaendelea na swali la 168 la Mtakatifu Thomas, kifungu cha nne, anapouliza kama mtu asiyecheza wala kufurahi kabisa naye ana kosa. Wale watu wazima niliowataja mwanzoni wanakaribishwa.